Siyo kweli kwamba Waholanzi walipewa majina ya ukoo na Napoleon

Hii nimeisikia mara nyingi sana, eti kabla ya 1811 Waholanzi hawakua na majina ya ukoo, alafu Napoleon, mtawala wa Ufaransa, akawalazimisha na wao kwa hasira wakajiandikisha majina ya ajabu kama Naaktgeboren, yaani "aliyezaliwa uchi". Hapana jamani. Jina hilo lipo kwenye rekodi za zamani kuliko huyo Napoleon.

Ukweli ni kwamba Ufaransa iliimeza Uholanzi 1810, na agizo la Agosti 1811 lilimtaka asiye na jina la kudumu achague moja akaliandikishe. Miji ya Holland, yaani eneo la magharibi mwa Uholanzi, kama Amsterdam wengi walishakua nayo. Waliobaki bila jina la kudumu ni wengi kule Friesland, mkoa wa kaskazini, na mashariki, ambako mtu aliitwa kwa jina la baba tu, Jan Pieters maana yake Jan mtoto wa Pieter, na mwanae anakua Klaas Jans, kwahiyo ukitafuta ukoo mmoja kwa jina moja unapotea kabisa.

Kwahiyo babu yako wa Friesland akitokea ghafla na jina jipya 1811 au 1812 usidhani ni mgeni aliyehamia, tafuta ile rejista ya kuchagua majina, mara nyingi inataja watoto na wajukuu na umri wao, ni hazina kweli. Nyuma ya hapo rudi vitabu vya kanisa vya ubatizo na ndoa. Na kama alikua kijana miaka hiyo, angalia na orodha za jeshi, maana vijana walichukuliwa na jeshi la Napoleon kwenda vitani Urusi 1812 na wengi hawakurudi.