Shule ya nyumbani ni nini, na mzazi ajiandae kwa lipi?

Mzazi wa Kigoma akisema kwamba mwanawe "anasoma nyumbani", huenda wasikilizaji watatu wakaelewa mambo matatu. Wa kwanza atadhani mtoto anamalizia kazi aliyopewa na mwalimu wake. Wa pili atadhani kuna kijana anayekuja jioni kumfundisha tuisheni. Wa tatu atamhurumia kimyakimya, akiamini kwamba mtoto amefukuzwa shule. Shule ya nyumbani si mojawapo ya hayo. Ni utaratibu ambao mzazi hubeba mwenyewe jukumu lote la masomo ya mtoto, yaani kuchagua kitakachofundishwa, kukifundisha au kumtafuta wa kukifundisha, na kupima kama kimeeleweka, bila mtoto kwenda shuleni kila siku.

Tofauti kati yake na tuisheni ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ukubwa wa kazi. Tuisheni huegemea shule: mwalimu wa jioni akiugua au akihama, mtoto bado ana darasa, mitihani ya muhula na mtu wa kugundua kwamba amebaki nyuma katika hesabu. Mzazi aliyemweka mtoto nyumbani hana mwingine wa kuegemea. Yeye ndiye mwalimu wa darasa, mwalimu wa taaluma na mwalimu mkuu kwa pamoja, na mara nyingi ndiye pia mpishi wa uji wa saa nne.

Neno lenyewe nalo hupotosha. "Shule" tulilipata kutoka Kijerumani, kama vile Wazanzibari walivyolipata "skuli" kutoka Kiingereza, na limekuja na picha ya jengo, madawati na kengele. Ndiyo maana mzazi anayeanza hukimbilia kununua ubao na kupanga vipindi vya dakika 40 sebuleni. Kwa maoni yangu, hayo ni maandalizi ya mambo madogo. Kengele inahitajika pale walimu kadhaa wanapopokezana madarasa yenye watoto wengi. Mwenye watoto wawili mezani hana tatizo hilo, ila analo jingine, nalo ni kujua kila mmoja amefika wapi. Mtoto wa miaka minane anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama, lakini ukifunika kitabu na kumwuliza ni nani aliyekwenda sokoni, akabaki kukutazama. Huyo anatamka maneno tu, bado hajasoma. Kabla ya kununua chochote, mzazi akae naye siku kadhaa amsikilize akisoma, amwone akiandika imla, na amtazame anavyohesabu, kwa kuwa kusoma, kuandika na kuhesabu ndiyo msingi ambao masomo mengine yote husimama juu yake.

Nyumbani pia kuna vifaa ambavyo darasa halina. Tuchukue familia ya Ujiji inayouza mawese. Dumu la lita 20 likigawanywa katika chupa za nusu lita, daftari litasema chupa 40. Lakini mtoto akimimina mwenyewe kwa faneli huenda akapata 39, kwa sababu mafuta mengine yameganda pembeni mwa dumu na mengine yamedondoka mezani. Chupa hiyo moja iliyopungua inatosha kwa asubuhi nzima: kiasi kilichopotea, bei ya kila chupa ili hasara ifidiwe, na sababu ya mawese kuganda. Hata hivyo, soko halimfundishi mtoto kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kama nusu na theluthi, wala kuandika barua rasmi. Kwa hayo mzazi hana budi kukaa na muhtasari wa masomo na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambavyo vingine hupatikana pia katika maktaba yake ya mtandaoni, na kuvifuata kwa mpangilio.

Ratiba nayo inaweza kufuata maisha ya nyumba husika. Katika Ziwa Tanganyika dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mwanga huo hauvuti samaki vizuri, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Baba mvuvi anaweza kuzifanya siku hizo kuwa zake za kufundisha, na mama akashika zilizobaki.

Upande wa sheria unahitaji uangalifu zaidi ya shauku. Nchi hazifanani: Marekani inaruhusu katika majimbo yote, ilhali Ujerumani inamtaka mtoto aende shuleni. Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikisha miaka 7 katika elimu ya msingi na kuhakikisha anahudhuria, na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inataja elimu ya lazima ya miaka 10. Kwa hiyo mzazi asimtoe mtoto shuleni kimyakimya. Aende kwanza kwa Afisa Elimu Kata, na ikibidi katika halmashauri, aeleze nia yake na apate jibu kwa maandishi.

Mitihani ni sehemu ya mazungumzo hayo. Kwa elimu ya msingi, mtoto husajiliwa kupitia shule. Kwa kidato cha nne, Baraza la Mitihani lina utaratibu wa watahiniwa wa kujitegemea, na ambaye hakupitia sekondari ya kawaida hutangulia kufanya Mtihani wa Maarifa, ule unaojulikana mitaani kama QT.

Jambo la mwisho la kuandaa ni dogo na hupuuzwa: daftari la kumbukumbu. Kila jioni ziandikwe tarehe, mada, kitabu na ukurasa, na kile ambacho mtoto alishindwa. Kazi zake zenye masahihisho zihifadhiwe kwenye faili. Familia ikihamia Kasulu au Tabora na mtoto akaombewa nafasi ya darasa la tano, mwalimu mkuu atauliza alikuwa wapi miaka miwili iliyopita, na hilo faili ndilo litakalowekwa mezani kwake.