Chumba cha kushindilia risasi: anza na sakafu

Binti yangu alipotimiza mwaka mmoja alipimwa damu, kama wanavyopimwa watoto wengi hapa Marekani, na majibu yakaja na madini ya risasi: maikrogramu 6 kwa desilita. CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, tangu 2021 inatumia 3.5 kuwatambua watoto wenye risasi nyingi mwilini kuliko wenzao, na inasema wazi kwamba hakijulikani kiwango kilicho salama kwa mtoto. Nyumba yetu hapa Dallas ni mpya, haina rangi ya zamani wala mabomba ya zamani. Aliyeileta risasi ndani ni mimi, kwa viatu vyangu.

Nilikuwa nimeshindilia risasi gerejini miaka minane, yaani kuyajaza upya kwa mashine ya mkono maganda ya risasi zilizokwishapigwa, kwa fataki, baruti na kichwa kipya, na wenzangu kwenye uwanja wa shabaha walikuwa wakinitafuta niwafundishe. Baruti niliijua na kuiheshimu. Sikuyaheshimu madini. Kiswahili kimekipa jina moja kile kinachotoka mtutuni na metali inayokitengeneza, na bado wengi wetu tukisikia hatari ya kazi hii tunawaza mlipuko tu. Kwa hiyo jirani yangu kutoka Bujumbura aliponiomba mwezi uliopita nimsaidie kupanga chumba chake, sikuanza na mashine. Nilimwambia, "Kaka, ng'oa kwanza hilo zulia."

Vumbi linatoka hapa. Fataki, kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda, huwa na kemikali yenye risasi. Bunduki ikilia, mabaki hubaki ndani ya ganda. Ukirudi na maganda yako ukayasafisha kwa kuyazungusha ndani ya pipa lenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, mabaki yale yanahamia kwenye magunzi, na siku unapoyachekecha yanapanda hewani kama unga. Zulia linayashika na kuyatunza miaka. Mtoto anatambaa hapo, kisha anatia vidole kinywani.

Sakafu basi iwe laini: vigae, saruji iliyopakwa rangi, au plastiki isiyo na viungo. Usiifagie. Ipigie deki kwa kitambaa chenye maji na sabuni, maana ufagio unalirusha tu vumbi mahali pengine. Maganda mimi sasa nasafisha kwa maji, sabuni na pini ndogo za chuma cha pua, ndani ya pipa lililofungwa, na maji yake machafu napeleka kituo cha taka hatari cha kaunti. Hayaendi bustanini, wala kwenye sinki la jikoni. Mlangoni pana viatu vya humo ndani na ovaroli isiyotoka nje. Chakula, chai, hata maji ya kunywa, haviingii. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji ya baridi kabla hujamgusa mtu.

Baada ya hapo ndipo meza. Iwe nzito, na ifungwe kwa skrubu ndefu kwenye nguzo za mbao zilizo ndani ya ukuta, ambazo katika nyumba nyingi za Marekani zimeachana inchi 16. Unaposukuma mkono wa mashine kunyoosha ganda la bunduki kubwa, nguvu yako yote inaitaka meza iinuke upande wa nyuma, na meza inayocheza inakupa risasi zisizolingana. Uso wa meza yangu ni mbao mbili za plaiwudi zilizogandishwa pamoja na kupakwa vanishi, ili zifutike. Urefu upime kwa kiwiko chako ukiwa umesimama.

Mizani iwe mbali na feni na mkondo wa kiyoyozi, kwa kuwa tunapima kwa greni, na greni 7,000 ndizo zinazofanya ratili moja. Pumzi ya feni inatosha kukudanganya. Ithibitishe kwa vijiwe vya kupimia kila unapoanza.

Baruti isiyo na moshi hailipuki kama watu wanavyodhani ikiwa wazi. Inaungua kwa kasi sana. Inakuwa bomu pale inapobanwa. Ndiyo maana kabati la chuma la kuhifadhia bunduki ni mahali pabaya kabisa pa kuitia. Kanuni namba 495 ya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, inaruhusu nyumbani hadi ratili 20 zikiwa kwenye makopo yake ya asili. Zikizidi, hadi 50, zinatakiwa ndani ya sanduku la mbao lenye unene wa inchi 1. Fataki zisizidi 10,000, zibaki kwenye pakiti zake. Kuzimimina pamoja ndani ya chupa ya kioo ni hatari kubwa: ikilia moja, zinaweza kulia zote. Hapa Texas gereji nyingi zina hita ya maji ya gesi yenye moto ndani yake, na kiangazi joto humo halivumiliki. Baruti yangu niliiondoa huko, iko ndani ya nyumba, kwenye kabati la mbao lenye kufuli.

Mezani liwepo kopo moja tu la baruti. Makopo mawili yakikaa pamoja, siku moja utarudisha baki kwenye kopo lisilo lake, na hutajua. Hofu yangu kubwa zaidi ni ganda la bastola kujazwa mara mbili, kwa sababu kipimo kidogo kinaingia mara mbili bila kumwagika. Kwa hiyo taa yangu imening'inia juu kabisa ya kibao cha maganda, na kabla ya kuweka kichwa cha risasi hata kimoja natazama ndani ya kila ganda. Simu inabaki sebuleni. Mtu akibisha hodi katikati ya kazi, namwaga yote na kuanza upya.

Kuhusu sheria: Marekani haidai leseni ya shirikisho kwa anayeshindilia risasi zake mwenyewe, ila ukizitengeneza kwa biashara ya kuuza unaihitaji. Lakini ndugu ulioko kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa jumla unakatazwa kumiliki bunduki na risasi, isipokuwa kwa masharti machache. Muone mwanasheria kabla hujanunua hata ganda. Na mlioko Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Msijaribu.

Binti yangu alipimwa tena baada ya miezi mitatu. Ilikuwa 4. Tunarudi kliniki Januari.