Bonde la kutisha: sura ya mtu inapomponza roboti mbele ya mzee

Bonde la kutisha, kwa Kijapani bukimi no tani, ni ule mshtuko unaompata mtu mbele ya kitu kilichofanana mno na binadamu kisha kikapungukiwa kidogo. Dhana hii ilitolewa mwaka 1970 na mhandisi wa Japani, Masahiro Mori. Alisema roboti ikizidi kufanana na mtu tunazidi kuipenda, lakini ikikaribia kabisa, mapenzi yanaporomoka ghafla. Hapo ndipo bondeni.

Mfano wake mmoja ni mkono wa bandia. Una kucha, una mishipa, hata alama za vidole. Unaupa mkono kwa salamu: baridi, legelege, kama hauna mfupa. Mwili unasisimka. Macho yalishaahidiwa mtu.

Kwa mzee jambo hili ni zito, kwa sababu roboti ya kumsaidia inamfuata mpaka chumbani, pengine imwinue kitandani. Ikiwa na uso wa mtu, atatarajia subira ya mtu, na ikumbuke alichoiambia jana. Isipoweza, anaachana nayo, nasi tunasema wazee wanaogopa teknolojia. Naona tunawaonea.

Wajapani wengine waliliepuka bonde hilo kwa kuiacha kando sura ya binadamu. Roboti ya taasisi ya RIKEN iliyoonyeshwa mwaka 2015, ya kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kiti cha magurudumu, ilipewa uso wa dubu. Takanori Shibata, mbunifu wa Paro, roboti ya kuliwaza watu yenye umbo la mnyama, alijaribu kwanza umbo la paka. Watu wakamlinganisha na paka halisi wanaowajua, wakamwona hafai. Akageukia mtoto wa sili, mnyama wa bahari za baridi ambaye wachache wamewahi kumshika. Paro ana manyoya meupe na uzito wa kilo 2.7 hivi, kama kichanga. Ukimpapasa anapepesa macho na kulia. Akiishiwa chaji, anachomekwa mdomoni waya wenye umbo la chuchu ya bandia anayonyonya mtoto mchanga. Mwaka 2009 Marekani ilimtambua kuwa kifaa cha tiba, na hutumika zaidi kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau.

Lakini baadhi ya wazee hao humbembeleza Paro wakiamini ni kiumbe hai. Wametulia, wanamwimbia, wanamfunika shuka. Je, huko nako ni kuikubali roboti, ilhali hawajui kuwa ni roboti? Wauguzi na familia bado wanabishana.