Kopo la artemia na jasho la friji

Mwezi wa Mei mama mmoja wa Njiro, Arusha, anayetotolesha kambale alinijia na kopo lake la mayai ya artemia, uduvi wadogo wa kulishia vifaranga vya samaki. Alilifungua Februari, mayai yakatotoa vizuri sana. Sasa akiyaweka majini, kesho yake anakuta lava, yaani watoto wa artemia waliotoka kwenye yai, wa kuhesabu. "Kaka, nimeuziwa feki? Niliambiwa haya mayai hayafi."

Hakuuziwa feki. Ila hilo neno "hayafi" linawatia hasara wafugaji wengi, na mimi linaniuma, kwa sababu vifaranga wa kambale wakimaliza kiini chao, siku ya tatu hivi, wanataka chakula kinachocheza majini, na pumba hawaijui.

Artemia ni uduvi wa maji ya chumvi kali, mkubwa wake ni kama sentimita 1. Mayai mengi ya makopo huvunwa Great Salt Lake, Utah, huko Marekani. Jirani zetu Kenya wanao kwenye mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi. Hali ikiwa nzuri, jike huzaa watoto wanaoogelea moja kwa moja. Chumvi ikipanda au oksijeni ikipungua, hubadili: anatoa mayai yenye ganda gumu la kahawia. Ndani yake kiumbe kimefika seli kama 4,000 kikasimama. Mwanzoni hata ukikipa maji na joto hakiamki. Kinahitaji kwanza kitu cha kukitoa kwenye usingizi ule, mara nyingi kukaushwa. Baada ya hapo kinasubiri maji tu.

Uwezo wake wa kustahimili uko hapo, kwenye yai kavu. Sukari iitwayo trehalosi, karibu asilimia 15 ya uzito mkavu, inashika nafasi ya maji na kugandisha kila kitu ndani kama kioo, na protini maalumu zinazuia protini nyingine zisiharibike. Mwaka 1972 mayai haya yalipelekwa hadi mwezini na kurudi katika safari ya Apollo 16. Mwanasayansi James Clegg alionyesha mwaka 1997 kwamba hata yaliyolowa maji yanaweza kukaa miaka 4 bila oksijeni kabisa na bado yakatotoa. Nikilisoma jambo hili hadi leo huwa nasimama kidogo.

Lakini lava akishatoka, usimtegemee tena kwa lolote kati ya hayo. Ukimkausha, amekufa. Ukimtia kwenye maji yasiyo na chumvi ya bwawa la kambale, ana saa chache tu.

Kinachoharibu makopo ni hali ya katikati. Yai likiwa na unyevu chini ya asilimia 10, limelala. Likipata unyevu kidogo, na hewa ipo, linaanza kuchoma akiba yake bila kuwa na maji ya kutosha kutotoa. Leo kidogo, kesho kidogo. Siku unapolitia majini halina nguvu ya kupasua ganda.

Nilimuuliza mama anavyolitunza. Kila alfajiri analitoa kwenye friji, analifungua papo hapo, anachota kijiko, analirudisha. Na ilikuwa masika. Kopo la baridi likifunguliwa kwenye hewa ya Mei ya Arusha linatoa jasho, na jasho linaingia kwenye mayai.

Tuliyatazama kwa kioo cha kukuzia. Yai kavu zuri limebonyea upande mmoja, kama mpira uliotoka upepo. Likikaa majini saa moja au mbili linajaa na kuwa duara. Ya kwake mengine yalikuwa yamejaa nusu yakiwa bado koponi. Tukaweka gramu 2 kwenye lita 1 ya maji, chumvi gramu 30, nyuzi joto 28, pampu ya hewa na taa. Yai zima, saa kumi na tano au ishirini hivi, hupasuka na kiumbe kinaning'inia chini ya ganda kama mtu chini ya mwamvuli. Kwake yaliyofika hapo yalikuwa machache mno.

Nilimwelekeza hivi: kopo jipya ligawe kwenye vichupa vidogo vikavu vyenye kifuniko cha kukaza, na kichupa kikitoka kwenye friji kiachwe kipate joto la chumba ndipo kifunguliwe. Wa Arusha wakumbuke pia Juni na Julai: bila hita maji hayafiki nyuzi 28, na mayai yatachelewa hata yakiwa mazima. Vifaranga wa kambale wapewe lava mapema, lava akiwa bado wa rangi ya chungwa, kabla hajamaliza kiini chake, maana ndani ya siku moja anapoteza karibu robo ya nguvu yake.

Kopo la zamani hatukulitupa. Tulipima gramu 6 badala ya 2, tukachuja maganda kwa uangalifu, na kambale wa wiki ile wakala.