Je, wajua kwamba hamu ya nyumbani iliwahi kuandikwa kuwa chanzo cha kifo cha askari?

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, madaktari wa jeshi la Kaskazini, yaani la serikali iliyopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, walikuwa na ugonjwa mmoja kwenye vitabu vyao ambao leo huwezi kuukuta kwenye cheti cha hospitali yoyote: kukumbuka kwao. Waliuita nostaljia, wakauorodhesha pamoja na homa ya matumbo na kuhara damu. Vita vilipokwisha, walikuwa wameandikisha wagonjwa zaidi ya 5,000 na vifo 74. Ilikuwaje watu waliosomea udaktari wakaandika kwamba kijana wa watu amekufa kwa kukumbuka nyumbani?

Wazo lenyewe walilirithi. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Uswisi, Johannes Hofer, aliandika tasnifu juu ya vijana waliopelekwa mbali na makwao wakaanza kukosa usingizi, kukataa chakula na kukonda. Baadaye ugonjwa huo ukahusishwa hasa na askari wa Uswisi waliokodishwa kupigana nchi za watu. Ulipofika Marekani ulikuwa na umri wa karibu miaka mia mbili na jina la kitaalamu, kwa hiyo hakuna daktari aliyeona haya kuuandika.

Lakini kubwa zaidi ni kwamba hawakujua habari za vijidudu. Katika vita vile, askari wawili hivi walikufa kwa maradhi kwa kila mmoja aliyeuawa vitani. Kijana aliyekulia shambani, ambaye hata surua hakuwahi kuugua, aliingizwa kwenye kambi ya maelfu ya watu, maji machafu, vyoo karibu na mahema. Akiharisha wiki mbili, akaacha kula, akawa analala akiangalia ukuta wa hema na kuulizia mama yake, daktari angeandika nini? Aliandika alichokiona. Mimi naamini wengi wa wale 74 walikuwa na homa ya matumbo ndani yake, ila sidhani kama daktari alikosea kabisa. Mgonjwa aliyekata tamaa hali chakula, hanywi, na hapo ndipo maradhi humshinda.

Tiba zao sasa! Theodore Calhoun, daktari wa jeshi, aliandika mwaka 1864 kwamba wanaougua zaidi ni watu wa mashamba, si wa mijini, na kwamba dawa kubwa kuliko zote ni kupigana. Aliona pia kuwa mgonjwa akichekwa na wenzake anaweza kupona. Mwenzake, De Witt Peters, alilaumu kuandikishwa kwa vijana wadogo mno. Kwa hilo Peters alikuwa na hoja. Hiyo ya kumcheka mgonjwa tuwaachie wenyewe.

Ajabu ni kwamba mapigano yalikuwa machache ukilinganisha na siku za kukaa tu. Majira ya baridi majeshi yalijenga vibanda vya magogo na kukwama humo kwa miezi. Chakula cha askari wa Kaskazini kilikuwa nyama ya nguruwe ya chumvi, kahawa, na biskuti za unga na maji, ngumu hata wengine walizivunja kwa kitako cha bunduki. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuzitumbukiza kwenye kahawa ya moto: biskuti inalainika, fukusi wanaelea juu, unawaengua kwa kijiko, unakula. Askari wa Kusini walikosa hata hiyo kahawa kwa sababu bandari zao zilizingirwa na meli za Kaskazini. Wakikutana lindoni kwenye kingo za mto, adui kwa adui, walibadilishana: tumbaku huku, kahawa kule.

Kilichobaki ni barua. Tangu 1861 askari wa Kaskazini aliruhusiwa kutuma barua bila kulipia stempu. Aliyeipokea ndiye aliyelipa. Walioweza kuandika waliwaandikia wasioweza. Waliuliza habari za ng'ombe, mavuno, mtoto kama ameanza kutembea.

Usiku wa tarehe 30 Desemba 1862, karibu na mji wa Murfreesboro, Tennessee, majeshi mawili yalilala karibu kiasi cha kusikiana. Bendi zao zilishindana kwa nyimbo za kujitapa, kila upande na zake. Kisha bendi moja ikapiga “Home, Sweet Home”, wimbo wa kuisifu nyumbani, na ule upande wa pili ukaudaka. Wakaucheza na kuuimba pamoja. Alfajiri watu wa Kusini walishambulia, na vita hivyo, vinavyoitwa vya Stones River, vilipomalizika waliokufa, kujeruhiwa na kupotea walizidi 23,000 pande zote mbili.

Kwa askari wa Kusini hamu hiyo ilikuwa na uchungu wa ziada. Wengi walijiandikisha kwa mwaka mmoja. Aprili 1862 serikali yao ikawaongezea miaka miwili kwa sheria, na mwaka huohuo ikawasamehe kutumikia jeshi wasimamizi wa mashamba yenye watumwa 20 au zaidi. Mkulima asiye na mtumwa alibaki jeshini huku mkewe akimwandikia kwamba watoto wanalala na njaa. Maelfu waliondoka usiku bila ruhusa. Mtoro akikamatwa aliweza kupigwa risasi mbele ya kikosi chake.

Kaskazini walipata dawa bora kuliko ya Calhoun. Mwanzoni mwa 1864, askari aliyekaribia kumaliza miaka yake akakubali kujiandikisha tena alipewa fedha na likizo ya siku 30 kwenda kwao. Zaidi ya 100,000 walikubali.

Kulikuwa pia na askari weusi karibu 180,000 upande wa Kaskazini, na wengi wao walikotoka ni utumwani. Mmoja wao, Spotswood Rice wa Missouri, alikuwa hospitalini karibu na St. Louis mnamo Septemba 1864 alipowaandikia binti zake, ambao bado walikuwa mikononi mwa mabwana. Aliwaambia watulie, atakuja kuwachukua hata kama itamgharimu maisha. Siku hiyohiyo alimwandikia bibi aliyekuwa amemshikilia mmoja wao, akimwonya kwamba akizidi kumzuia mtoto wake atakuja na jeshi. Mwaka 1937 binti huyohuyo, Mary Bell, akiwa na miaka 85, alihojiwa huko St. Louis. Alisema baba yake, kaka yake, mumewe na mwanawe wote walikuwa wanajeshi, na kwamba yeye anampenda mwanamume anayepigania haki zake.