Kowtow: paji la uso lilivyogeuka kuwa tusi

Kiingereza kinapotaka kumsema mtu anayejidhalilisha mbele ya mkubwa, husema ana-kowtow. Watafsiri wetu wengi hulipokea neno hilo na kuandika "kusujudu". Naona hapo wanakosea, na kosa linaanzia kwenye asili ya neno.

Kwa Kichina ni kòutóu: kòu ni kugonga au kubisha, tóu ni kichwa. Basi. Ni tendo la mwili, na halina unafiki wala kujikomba ndani yake.

Mbele ya mfalme wa nasaba ya Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme China, ibada kamili ilikuwa magoti mara 3 na kugonga kichwa mara 9. Wengi hudhani mtu alipiga magoti mara moja akagonga mara 9 mfululizo. Sivyo. Mshereheshaji alinadi, mtu akapiga magoti, akaweka viganja chini, akagusisha paji la uso sakafuni mara 3, kisha akasimama wima. Hayo yote yakarudiwa mara mbili zaidi. Kule kuinuka na kushuka tena ndiko kulikobeba uzito.

Zamani Wachina waliketi mikekani, wamekalia visigino. Aliyekaa hivyo alihitaji kuinama tu ili paji lifike chini, na hata watu wa hadhi moja waliinamiana. Viti vilipoenea, hasa enzi za nasaba ya Song, iliyotawala kabla ya Qing, magoti yakawa mteremko mrefu kutoka kitini hadi sakafuni, na heshima ileile ikaonekana nzito zaidi.

Maana ya tusi ilitoka kwa wageni. Mwaka 1793 balozi wa Uingereza, George Macartney, alikataa kugonga kichwa mbele ya mfalme Qianlong. Kumbukumbu za Waingereza zinasema alipiga goti moja, kama alivyofanya kwa mfalme wake. Mwaka 1816 balozi mwingine wa Uingereza, Lord Amherst, naye alikataa, akafukuzwa bila kuonana na mfalme Jiaqing. Ugomvi huo ndio uliolifanya neno liwe maarufu Ulaya, likiwa limekwisha kubeba hasira ya waliokataa. Waholanzi waliokwenda Beijing mwaka 1795 waligonga vichwa bila ubishi, lakini husikii wakitajwa sana.

China kwenyewe tendo halikufa. Mtoto hugonga kichwa kwenye mazishi ya mzazi, na wapo wanaofanya hivyo makaburini siku ya Qingming, siku ya kuzuru makaburi ya wazee, au mwanafunzi anapopokewa na mwalimu wa sanaa ya jadi. Hakuna anayewaona wamejidhalilisha. Shikamoo yetu, ambayo huelezwa kuwa imetokana na "nashika miguu", iko karibu na hapo kuliko tunavyodhani. Hata hivyo, Kichina kikitaka kumchora anayeomba huruma kwa woga, husema anagonga kichwa kama anayetwanga vitunguu saumu.

Sasa tafsiri. "Kusujudu" kunabeba sijida, ambayo kwa Mwislamu ni ya Mungu peke yake. Ukiandika kwamba waziri amemsujudia mwekezaji, umemshtaki kwa kosa zito kuliko alilokusudia mwandishi. "Kunyenyekea" nako hakufai, kwa sababu unyenyekevu kwetu ni sifa njema. Kwa maana ya dharau andika "kujikomba" au "kujipendekeza". Pakihitajika ukali zaidi, "kulamba viatu". Kwa ibada yenyewe andika wazi: alipiga magoti, akagusisha paji la uso chini.