Kwa nini mbuzi ahesabiwe nyama nyekundu, na samaki ngege aachwe?

Jirani yangu hapa Nakuru aliambiwa apunguze nyama nyekundu, asije akajiwekea saratani ya utumbo mpana. Akaacha ng'ombe siku hiyo hiyo, akahamia mbuzi choma, na jioni akishuka matatu hununua smoki mbili, zile soseji za moshi, zilizopasuliwa na kujazwa kachumbari. Mbuzi, anasema, ni nyama ya afya. Kumbe kwa wanaochunguza saratani, mbuzi ni nyekundu sawa na ng'ombe na kondoo. Nguruwe pia yumo, hata kama akiiva huonekana mweupe. Kuku na samaki ndio walioachwa nje.

Siri iko kwenye wekundu wenyewe. Ndani ya msuli mna protini iitwayo mayoglobini, ghala la oksijeni, na ndani yake mna haemu, chembe ya madini ya chuma iliyobanwa katikati ya pete ya kemikali. Hiyo ndiyo inayoipa nyama rangi. Kuku anayo kidogo, ngege wa Kisumu vivyo hivyo. Haemu si adui: mwili hufyonza chuma chake kwa urahisi kuliko kile cha mboga, ndiyo maana mtu mwenye upungufu wa damu huambiwa ale nyama. Ila haifyonzwi yote. Inayosalia hushuka hadi utumbo mpana, ikaudhi utando laini wa ndani na kuchochea kuundwa kwa misombo ya nitroso, ambayo huweza kuharibu DNA ya seli. Seli zilizoumia hugawanyika ili kuziba pengo, na kila mgawanyiko ni nafasi nyingine ya kukosea.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliwalisha wanaume wachache waliojitolea, kisha wakapima choo chao. Nyama nyekundu ilipopandishwa kutoka gramu 60 hadi 600 kwa siku, misombo hiyo iliongezeka. Walipopewa gramu 600 za nyama nyeupe na samaki, haikuongezeka.

Na moshi wa choma je? Mafuta yakidondokea makaa, moshi unaorudi juu hubeba kemikali za jamii ile ile iliyomo katika moshi wa sigara, na pale nyama inapoungua huzaliwa nyingine. Lakini kuku na samaki nao huungua, kwa hiyo moshi peke yake hautoshi kueleza tofauti. Hata hivyo, wanaochemsha nyama kwanza kisha wakaikaanga kidogo tu wanakwepa sehemu kubwa ya kemikali hizo.

Kinachonishangaza ni smoki. Umewahi kujiuliza kwa nini haigeuki kahawia ikipikwa kama nyama nyingine? Ni nitriti, chumvi ya kuhifadhia, iliyoshikana na mayoglobini na kuigandisha katika waridi. Nitriti hiyo hiyo ni malighafi ya misombo ya nitroso. Oktoba 2015, wataalamu 22 walikutana Lyon, Ufaransa, kwenye shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, wakapitia tafiti zaidi ya 800. Nyama iliyosindikwa, yaani soseji, smoki, bekoni na hemu (paja la nguruwe lililohifadhiwa), wakaiweka kundi la kwanza: inasababisha saratani. Nyama nyekundu ya kawaida wakaiweka chini yake: huenda inasababisha.

Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa, kwa kuwa sigara nayo iko kundi la kwanza. Makundi hayo hupima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukali wa hatari. Wakati huo tumbaku ilikadiriwa kuua kwa saratani watu milioni 1 hivi kwa mwaka duniani. Ulaji mwingi wa nyama iliyosindikwa, 34,000 hivi. Gramu 50 zake kila siku, kiasi cha smoki moja hivi, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Chukulia watu 100 ambao watano kati yao wangeugua: wakila hivyo kila siku, watano wanakaribia kuwa sita.

Tena nyama haifiki utumboni peke yake. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya majaribio ambapo Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa mashambani walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani waliohamia mahindi na maharagwe walipungukiwa na dalili za kuudhika na kuvimba kwa utando wa utumbo. Wenzao waliohamia nyama na mafuta wakapata kinyume. Kwa hiyo sahani yenye vipande vinne vya nyama, mlima wa mboga za managu na ugali wa wimbi si sawa na kilo moja juu ya ubao na chumvi pembeni.

Kiwango cha juu cha nyama nyekundu ambacho wataalamu wengi hutaja ni gramu 350 hadi 500 kwa wiki, zikiwa zimepikwa. Nilimweleza jirani haya yote. Akanyamaza, kisha akauliza mutura, ile soseji ya matumbo yaliyojazwa nyama, iko upande gani. Haina nitriti, nikamwambia, akaanza kutabasamu. Lakini ile yenye damu imejaa haemu kuliko mnofu wowote.

Jioni hiyo alipita steji bila kusimama. Sijui kesho yake.